Ndiyo ya bibi mmoja wilayani Bahi

Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa mdadisi katika utafiti mmoja wa maoni ya wananchi, nilifika nyumbani kwa bibi mmoja katika kijiji kilichopo wilaya ya Bahi, mwendo wa kama saa moja kwa gari kutoka Dodoma mjini. Ulikuwa mwezi wa Juni, uwele ulikuwa umekwisha kuvunwa, naye alikuwa amekaa uani akipepeta kwa ungo. Nilimwamkia, akaitikia "Marahaba, mjukuu wangu", akamtuma mtoto aniletee kigoda, nami nikawasha kishikwambi na kuanza kumsomea maswali moja baada ya jingine kama tulivyofundishwa, bila kuongeza wala kupunguza neno. Tulipofika katikati ya dodoso nikamsomea swali hili: "Je, huridhiki na namna serikali ya kijiji inavyosoma taarifa ya mapato na matumizi?" Bibi alisimamisha ungo, akatazama pembeni kidogo, kisha akasema, "Ndiyo, mjukuu wangu." Nikabonyeza Ndiyo, tukaendelea.

Jioni ile, tulipokuwa tukila gesti, mwenzetu mmoja aliyekulia Kondoa aliuliza kwa upole jambo ambalo lilitufanya wote tuache kula. Alitaka kujua kila mmoja wetu alikuwa akifanya nini mtu anapojibu "ndiyo" katika swali lile. Tulikuwa wadadisi sita, na ilionekana mara moja kwamba hatukuwa tukifanya kazi moja. Baadhi yetu tulibonyeza neno lililotamkwa. Wengine walisikiliza maana, wakaamua wenyewe kwamba mtu huyu ameridhika au hakuridhika, kisha wakabonyeza kilichofuatana na uamuzi wao. Nyumba mbili zilizotazamana, zenye watu wenye maoni yaleyale, zilikuwa zimeingia kwenye takwimu zikiwa na maoni yanayopingana.

Asiyezungumza Kiswahili kutwa anaweza kudhani kwamba huu ulikuwa uzembe wa wadadisi, lakini tatizo lilikuwa ndani ya swali. Katika lugha yetu neno "ndiyo" linaithibitisha kauli iliyosemwa, iwe kauli hiyo ni ya kukubali au ya kukanusha. Mama akimuuliza mwanawe "Hujala?", mtoto ambaye hajala anajibu kwa usahihi kabisa "Ndiyo, sijala", na aliyekwisha kula anasema "Hapana, nimekula." Hapohapo, wapo wengi, hasa waliokaa muda mrefu shuleni na maofisini, ambao hujibu "Hapana, sijala" kwa maana ileile ya kwanza, na hakuna anayewashangaa. Hivyo swali linapoanza kwa ukanushi, jibu la neno moja haliwezi kusomeka bila kusubiri sentensi inayofuata, nasi tulikuwa tumeagizwa tusisubiri chochote baada ya Ndiyo au Hapana. Dodoso lile lilikuwa limeandikwa kwanza kwa Kiingereza, kisha likatafsiriwa, na aliyelitafsiri alihamisha maneno akasahau kwamba namna ya kujibu haikuhama pamoja nayo.

Nilimweleza msimamizi wetu asubuhi iliyofuata. Alinisikiliza, akasema dodoso limekwisha kupitishwa na haliwezi kuguswa tena. Taarifa ilipotoka ilikuwa na mchoro mzuri wa rangi mbili, asilimia kubwa upande mmoja na ndogo upande mwingine, na swali lenyewe halikuwemo popote katika kurasa zake. Nimelibeba jambo hilo moyoni tangu wakati huo, na ndilo linalonifanya niandike leo, kwa sababu naona tunazidi kuzungumza juu ya asilimia za maoni ya wananchi magazetini, redioni na bungeni, huku tukiuliza mara chache sana mwananchi aliulizwa nini hasa.

Kosa la ukanushi halikutupata sisi peke yetu. Mwaka 1992 shirika la utafiti la Roper nchini Marekani liliuliza watu kama waliona inawezekana au haiwezekani kwamba mauaji ya Wayahudi yaliyofanywa na Wanazi hayakutokea kamwe. Asilimia 22 walijibu kwamba inawezekana, na matokeo yalipochapishwa mwaka uliofuata yaliwatia watu hofu kubwa, kwa kuwa yalionekana kusema kwamba Mmarekani mmoja kati ya watano ana shaka na jambo lenye ushahidi usiohesabika. Ndipo wachunguzi wakalitazama swali lenyewe na kuona kwamba kuunganisha "haiwezekani" na "hayakutokea" kulikuwa kumewapoteza waliojibu. Shirika lilirudia utafiti mwaka 1994 kwa swali lililonyooka, na waliosema inawezekana hayakutokea wakabaki kama asilimia 1. Kilichotofautisha 22 na 1 ni mpangilio wa maneno.

Upo mfano wa zamani zaidi ambao huwa nawasimulia vijana wanaoanza kazi hii. Mwaka 1941 mtafiti Donald Rugg alichapisha matokeo ya maswali mawili waliyoulizwa Wamarekani wa makundi mawili yanayofanana. Kundi moja liliulizwa kama nchi yao iruhusu hotuba za hadharani dhidi ya demokrasia, na asilimia 62 wakasema isiruhusu. Kundi la pili liliulizwa kama nchi yao ikataze hotuba hizo, na waliosema ikataze walikuwa asilimia 46. Kwa mantiki ya kawaida kutoruhusu na kukataza ni kitu kimoja, lakini masikioni mwa mtu havilingani: kukataza kuna sauti ya amri na ya askari, ilhali kutoruhusu kuna sauti ya mzazi anayesema "bado". Jaribu kuyahamishia maneno hayo kwenye jambo la hapa kwetu. Waulize watu wa Dodoma kama bodaboda zipigwe marufuku kuingia katikati ya jiji, kisha waulize wengine kama bodaboda ziruhusiwe kuingia katikati ya jiji, na usitarajie kwamba majibu yatakuwa kinyume kamili cha mwenzake.

Wakati mwingine hata kitenzi hakibadiliki. Jina la kitu linatosha kuwasogeza watu. Katika utafiti mkubwa wa jamii unaofanyika Marekani kwa miaka mingi, watu wakiulizwa kama serikali inatumia fedha kidogo mno kwa "ustawi wa jamii", kwa neno ambalo kwao limekuwa na harufu ya uvivu, wanaokubali huwa takriban robo tu. Wakiulizwa kuhusu "kuwasaidia maskini", wanaokubali huzidi asilimia 60. Sisi tuna maneno yetu ya namna hiyo. Mwaka 2021 wafanyabiashara wadogo walipokuwa wakihamishwa kutoka kandokando ya barabara katika miji yetu, lugha rasmi ilikuwa "kuwapanga machinga", wakati wenyewe waliohamishwa walisema wameondolewa. Hapa Dodoma wengi wao hatimaye walipata nafasi katika soko lililojengwa Barabara ya Bahi, na unaweza kwenda leo ukawauliza. Ukiuliza "Je, unaunga mkono kupangwa kwa machinga?" utapata jibu moja, maana nani anapinga mpangilio? Ukiuliza kuhusu kuondolewa, utapata jibu jingine kutoka kwa mtu yuleyule. Mwaka huohuo fedha zilizokatwa kwenye miamala ya simu ziliitwa tozo na sheria, zikaitwa makato na waliokatwa, na waliozitetea wakazifungamanisha na uzalendo. Mtafiti anayechagua mojawapo ya maneno hayo amekwisha kukaa upande mmoja wa meza, hata kama hakukusudia.

Kuna pia suala la nini kilichotangulia swali. Mwaka 1948 Wamarekani waliulizwa kama waandishi wa habari kutoka nchi za kikomunisti waruhusiwe kuingia Marekani na kuandika wanayoyaona, na waliokubali walikuwa takriban asilimia 36. Walipoulizwa kwanza kama waandishi wa Marekani waruhusiwe kuingia Urusi ya wakati huo, kisha wakaulizwa swali lile la kwanza, waliokubali walifika asilimia 73. Wazo la kutendeana sawasawa lilikuwa limekwisha kuamshwa kichwani mwao. Mimi niliona jambo kama hilo wilayani Chamwino, ingawa sikuwa na namna ya kulipima: siku ambazo maswali ya maji yalitangulia maswali ya kumridhia diwani, diwani alipata taabu sana, kwa sababu mama aliyetoka kusema kwamba anaamka saa kumi usiku kufuata ndoo mbili hawezi dakika mbili baadaye kumtazama kiongozi wake kwa macho mengine.

Na kabla ya swali la kwanza, yupo anayeuliza. Vijijini mdadisi hafiki peke yake. Hupita kwanza kwa mtendaji wa kijiji na barua yake ya utambulisho, kisha hupewa mwenyekiti wa kitongoji amwonyeshe nyumba, na mara nyingi mwenyekiti huyo, kwa nia njema kabisa, hukaa chini ya mbuyu hatua kumi kutoka hapo akisubiri. Watafiti wa Afrobarometer, wanaofanya kazi katika nchi nyingi za Afrika ikiwemo Tanzania, hulitambua hili, na mwishoni mwa mahojiano humuuliza mtu anadhani ni nani aliyewatuma. Wengi hutaja serikali, ingawa mwanzoni walielezwa vinginevyo. Ukijumlisha hapo adabu yetu ya kutompinga mgeni, na ile "eeh" tunayoitikia mtu anapozungumza ili ajue tunamsikiliza, utaona kwa nini swali linaloanza na "Je, unakubali kwamba" ni hatari kuliko linavyoonekana. Nimewaona wadadisi wapya wakibonyeza "Nakubali sana" kwa sababu mzee aliitikia "eeh" mara tatu wakati swali likisomwa, na mzee hakuwa amejibu lolote bado. Huko ambako wazee wanatumia zaidi Cigogo, lugha ya Wagogo, jambo huwa gumu zaidi, kwa kuwa mdadisi anatafsiri papo hapo kwa namna yake, na kwa hakika kunakuwa na maswali mengi kadiri ya wadadisi.

Wako wanaosema kwamba hayo ni ya wapiga takwimu, na kwamba kwenye uchaguzi hakuna maneno, kuna sanduku tu. Siwezi kukubaliana nao, maana karatasi ya kura nayo ni swali. Mwaka 1958 wakoloni waliandaa uchaguzi wa Tanganyika ambao mpiga kura alilazimika kuchagua wagombea watatu, Mwafrika, Mzungu na Mwasia, na kura yake iliharibika asipofanya hivyo. Hakuna aliyepewa nafasi ya kusema kwamba haukubali mgawanyo wenyewe wa rangi. TANU, chama kilichokuwa kikidai uhuru, ililijadili suala hilo Tabora Januari mwaka huo, katika mkutano uliopewa jina la Uamuzi wa Busara, ikaamua kushiriki na kulijibu swali baya kwa namna itakayolivunja, kwa kuwaunga mkono Wazungu na Waasia waliokubaliana nayo. Ushindi wake ukaonyesha kwamba wapiga kura waliopewa swali la rangi walijibu swali la uhuru.

Baadaye, katika miaka ya chama kimoja, kuanzia 1965 hadi 1990, swali la urais lilikuwa ndiyo au hapana kwa mgombea mmoja, ambalo ni swali tofauti kabisa na "unamtaka nani?" Ubunge ulikuwa na wagombea wawili wa chama kilekile, nao walipewa alama, mmoja jembe na mwingine nyumba. Wazazi wetu wanaukumbuka vizuri ubishi wa wakati ule: mwenye jembe aliwaambia wakulima kwamba bila jembe hakuna chakula, na mwenye nyumba akawaambia kwamba hata jembe jioni hulazwa ndani ya nyumba. Alama zilizokusudiwa ziwe kitambulisho tu kwa wasiojua kusoma ziligeuka kuwa hoja, katika nchi ambayo jembe lilikuwa limebeba heshima ya kazi na ya siasa yenyewe. Wakenya waliliona hilo mwaka 2005 katika kura yao ya katiba, ambapo ndiyo ilipewa ndizi na hapana ikapewa chungwa. Chungwa lilishinda, na jina lake likabaki kwenye siasa kama jina la harakati nzima.

Mfano wa kwetu ninaouona mzito kuliko yote ni wa Tume ya Nyalali. Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume hiyo mwaka 1991 chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ili kukusanya maoni kuhusu mfumo wa chama kimoja au vyama vingi. Zaidi ya watu 36,000 walitoa maoni, na takriban asilimia 77 walitaka chama kimoja kiendelee, huku wanaotaka vyama vingi wakiwa kama asilimia 21. Hadi leo takwimu hiyo hutajwa kana kwamba inajitosheleza: watu walikataa, viongozi wakawapa. Lakini wengi kati ya wale waliochagua chama kimoja walisema pia kwamba wanataka mabadiliko makubwa katika namna kinavyoendesha mambo, na tume, baada ya kuyasikiliza maelezo yao pamoja na chaguo lao, ilipendekeza vyama vingi, vikarejeshwa kisheria mwaka 1992. Nafikiri Jaji Nyalali na wenzake walifanya kile ambacho sisi wadadisi sita tulishindwa kukifanya Bahi: walikataa kuishia kwenye neno la kwanza la mtu. Kama swali lingehesabiwa kwa makundi matatu, yaani chama kimoja kama kilivyo, chama kimoja kilichobadilika, na vyama vingi, simulizi ya asilimia themanini kwa ishirini isingezaliwa. Ni kweli pia kwamba waliozungumza walikuwa wale waliofika mbele ya tume, hawakuchaguliwa kwa bahati nasibu, na hilo nalo linapaswa kukumbukwa kila takwimu hiyo inapotajwa.

Hapa Dodoma ndipo Bunge Maalumu lilipopitisha Katiba Inayopendekezwa tarehe 2 Oktoba 2014. Wananchi walikuwa waipigie kura tarehe 30 Aprili 2015, kura ambayo iliahirishwa kwa sababu uandikishaji wa wapiga kura ulikuwa haujakamilika, na haijafanyika. Ingefanyika, waraka wenye mamia ya ibara, kuanzia muundo wa Muungano hadi haki za wafugaji na wavuvi, ungejibiwa kwa ndiyo moja au hapana moja. Sisemi kwamba ipo njia rahisi ya kuuliza jambo la ukubwa huo. Nasema tu kwamba matokeo yoyote ambayo yangepatikana yangehitaji kusomwa kwa uangalifu mwingi, kwa kuwa hapana ya anayetaka serikali tatu na hapana ya anayeitaka katiba ya mwaka 1977 ibaki vilevile zingeangukia sanduku moja.

Uingereza wamekwenda mbali kidogo katika hili, kwa kuwa Tume ya Uchaguzi ya huko hulipima swali kwa wananchi wa kawaida kabla halijachapwa. Serikali ya Uskoti ilipendekeza wananchi waulizwe, "Je, unakubali kwamba Uskoti iwe nchi huru?" Tume ikashauri maneno "unakubali kwamba" yaondolewe kwa sababu yanamsukuma mtu upande wa ndiyo, na mwaka 2014 watu wakaulizwa tu kama Uskoti iwe nchi huru, na asilimia 55 walisema hapana. Mwaka 2015 Tume hiyohiyo ilishauri kwamba kura ya Umoja wa Ulaya isiwe ya ndiyo na hapana, bali itaje pande zote mbili, kubaki na kuondoka. Mwaka uliofuata asilimia 51.9 walichagua kuondoka. Katika kura iliyokaribiana kiasi hicho, neno "ndiyo" lililokuwa liwekwe upande wa kubaki si jambo dogo.

Sisi tuna kazi ya ziada, kwa sababu hata jina la jambo lenyewe halijatulia. "Kura ya maoni" ni jina la kura ya wananchi wote kuhusu katiba, kama ile ya Zanzibar ya Julai 2010 iliyokubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Ni jina la uteuzi wa wagombea ndani ya chama. Na wengine huliita hivyo hivyo dodoso la watu elfu mbili waliopigiwa simu. Nimewahi kukaa kijiweni karibu na Soko la Majengo nikisikiliza wazee wawili wakibishana karibu nusu saa kuhusu matokeo ya kura ya maoni, hadi mmoja alipogundua kwamba mwenzake alikuwa akizungumzia uteuzi wa madiwani, wakati yeye alikuwa na gazeti lenye utafiti.

Nisieleweke kwamba maneno yanaweza kumgeuza mtu yeyote kwa jambo lolote. Nilichojifunza uani kwa watu ni kwamba mtu ambaye jambo linamgusa kila siku hatikisiki kirahisi. Uliza juu ya maji Chamwino kwa kukubali au kwa kukanusha, kwa upole au kwa ukali, na jibu litakuwa lilelile. Maneno hufanya kazi yake kubwa pale ambapo mtu hajapata sababu ya kuamua, na mambo mengi ya siasa tunayowauliza watu yako hapo hasa.

Siku tatu baada ya mazungumzo yetu gesti, gari letu lilipita tena kijijini kwa bibi yule. Niliomba dakika kumi, nikashuka. Nilimkuta akianika mlenda juu ya jamvi. Nilimwambia kwamba nimerudi kwa sababu sikulielewa vizuri jibu lake la siku ile, nikamkumbusha swali, kisha nikamuuliza alikuwa na maana gani aliposema ndiyo.

"Mjukuu wangu," akasema, "wewe uliniuliza kuhusu namna wanavyosoma. Hapa hawajasoma tangu mwaka juzi. Nikaona mgeni ametoka mbali, nisimwangushe, nikasema ndiyo."

Nilifungua kishikwambi nitafute mahali pa kuandika maneno hayo. Chini ya swali palikuwa na Ndiyo, Hapana na Sijui.